Mtoto anaonewa shuleni: mwongozo kamili kwa mzazi na mwalimu wa Mtwara na Lindi

Kesi nyingi za uonevu shuleni huharibika siku ile ile zinaporipotiwa, kwa sababu watu wazima wanazichukulia kama ugomvi. Watoto wawili wanaitwa ofisini, wanaulizwa nani kaanza, wanachapwa wote au wanaambiwa wapeane mikono na kusameheana, kesi imekwisha. Kwa watoto waliogombea mpira hiyo inatosha. Kwa uonevu ni hatari: mbabe ameshajua nani kamsemea, na ameona gharama ya kushtakiwa ni kushikana mkono tu. Kipigo kinachofuata hakitaripotiwa.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, amua kwanza unashughulika na nini.

Ugomvi, utani au uonevu?

Dan Olweus wa Norway, aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni kwa utaratibu miaka ya 1970, aliacha vipimo vitatu vinavyotumika hadi leo: kitendo ni cha makusudi, kinajirudia, na nguvu hazilingani. Kipimo cha tatu ndicho kinachosahaulika. Nguvu si misuli peke yake. Ni kidato, kundi, cheo cha kiranja, pesa, au kuijua siri ya mwenzako. Msichana mwembamba wa kidato cha pili anaweza kumtesa mwenzake mwenye mwili mara mbili yake kwa kuwaamuru wenzao wasiongee naye.

Kwetu Kusini kuna kichaka kimoja ambacho waonevu wanapenda kujificha: utani. Watani wapo, na utani una heshima zake. Ila utani una kujibu. Mtaniwa anarudisha, watu wanacheka wote, na siku ya msiba mtani huyo huyo ndiye anayechota maji. Jiulize: mtoto huyu anaweza kurudisha neno bila kupigwa? Akisema "basi," wanaacha? Wanataniana wote, bila kumlenga yeye tu kila siku? Kama majibu ni hapana, usikubali mtu akuambie "walikuwa wanataniana."

Mfano unaojulikana ni neno "msungo," yaani mtu ambaye hajapitia jando au unyago. Watoto wakirudi kutoka likizo ya Juni au Desemba, baadhi wametoka jandoni au unyagoni, na wale ambao hawajaenda wanaanza kuzomewa. Mvulana aliyetahiriwa hospitali, au mtoto wa mtumishi aliyehamia kutoka mikoa isiyo na mila hiyo, anaweza kulibeba jina hilo miaka mitatu. Wengine wanaolengwa sana ni watoto wenye ualbino, wenye ulemavu wa viungo au kigugumizi, waliorudia darasa, wanaokuja na sare iliyochakaa, na waliohamia mjini wakiwa na lafudhi ya kijijini. Mwalimu anayemwita mtoto kwa jina la utani mbele ya darasa, hata kwa mzaha, amewapa wengine kibali.

Dalili za nyumbani

Watoto wengi hawasemi. Wanaogopa kisasi, wanaona aibu, au walishasema wakaambiwa "na wewe mpige." Angalia haya:

- Anafika nyumbani akikimbilia chooni kila siku. Vyoo vya shule ndiko wababe wanakosubiri, kwa hiyo mtoto anajizuia tangu asubuhi.
- Anarudi na njaa kali wakati umempa pesa ya kula, au anaomba nyongeza bila maelezo, au sarafu zinapotea ndani.
- Kalamu, daftari na vifungo vya shati vinapotea mara kwa mara.
- Tumbo linauma Jumapili jioni na kupona Jumamosi asubuhi.
- Amebadili njia ya kwenda shule, anatoka mapema mno au anachelewa makusudi.
- Hataki tena madrasa au kwenda bombani, ingawa zamani alikuwa anakimbilia. Wanaomsumbua shuleni mara nyingi ndio hao hao anaokutana nao huko jioni.

Dalili moja haitoshi kuthibitisha. Tatu kwa pamoja, ndani ya wiki mbili, zinatosha kukaa naye.

Hatua ya kwanza: mazungumzo

Usimweke mbele yako kama mshtakiwa. Zungumza mkiwa mnafanya kazi: mnapepeta mchele, mnaokota korosho, mnatembea. Mtoto husema zaidi pale macho yenu yanapokuwa kwenye kitu kingine.

Usianze na "nani kakupiga?" Anza na mahali: "Mwanangu, wakati wa mapumziko huwa unakaa wapi? Na nani? Sehemu gani ya shule huipendi?" Akitaja mahali, uliza kinachotokea hapo. Akinyamaza, nyamaza na wewe. Ukimkatiza kwa hasira, hata kama hasira hiyo ni ya kumtetea, atafunga mdomo, kwa sababu jambo analoliogopa zaidi ni wewe kuvamia shule kesho yake.

Akimaliza, mwambie mambo matatu kwa maneno mafupi: si kosa lako, umefanya vizuri kuniambia, sitafanya kitu bila wewe kujua. La tatu lina sharti lake. Usiahidi kutomwambia mtu yeyote, maana hiyo ni ahadi utakayolazimika kuivunja.

Kuhusu "mrudishie": ushauri huu unatolewa kwa nia njema, na mara chache unafaulu. Unashindwa kwa sababu mtoto angekuwa na uwezo wa kurudisha, asingelengwa. Akijaribu akashindwa, mateso yanaongezeka. Akishinda kwa kutumia jiwe au kisu, sasa yeye ndiye mshtakiwa. Mfundishe badala yake jambo dogo na mlifanyie mazoezi nyumbani dakika tano kila jioni: kusimama wima, kusema kwa sauti kamili "Acha. Naenda kwa mwalimu," kisha kuondoka kuelekea kwenye watu, asikimbilie uchochoroni. Asijibu tusi kwa tusi. Akidaiwa pesa kwa vitisho, atoe, aondoke, asimulie. Sh. 500 si kitu cha kuumizwa kwa ajili yake.

Hatua ya pili: daftari

Chukua daftari la kurasa 40 na uliweke wewe, asiende nalo shule. Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo, likiwa na siku na tarehe, saa, mahali, waliofanya, walichofanya, maneno waliyosema kama yalivyotamkwa, walioona, na alama yoyote mwilini au kwenye nguo. Kwa mfano:

*Jumatano, 8 Oktoba. Mapumziko ya saa 4:30. Nyuma ya choo cha wavulana. Wavulana wawili wa darasa la sita (majina). Mmoja kamshika mikono, mwingine kachukua sh. 500. Kasema: "Kesho usipoleta buku utalala hapa." Walioona: wawili wa darasa la nne (majina). Kifungo cha pili cha shati kimeng'oka, mkwaruzo mkono wa kushoto. Kanisimulia saa 11 jioni.*

Usiandike "wanamwonea kila siku." Sentensi hiyo haiwezi kufanyiwa kazi na mtu yeyote. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani anahitaji saa na mahali. Piga picha ya jeraha au nguo iliyochanika kwa simu, na usiirushe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata kama umekasirika. Ukiirusha, mtoto wako ndiye atakayezomewa kesho, na wazazi wa upande wa pili watapata muda wa kuwafundisha watoto wao la kusema.

Matukio mawili au matatu yaliyoandikwa hivi yanatosha kwenda shule. Lakini kama kuna jeraha kubwa, silaha au jambo la kingono, usisubiri daftari. Ruka hadi sehemu ya polisi hapo chini.

Hatua ya tatu: kwenda shuleni

Nani aende? Katika familia nyingi za Kimakonde, Kiyao, Kimwera na Kimakua, mjomba ana sauti kubwa kuhusu mtoto wa dada yake, na mara nyingi yeye ndiye anayepelekwa. Hakuna ubaya, mradi awe ameisoma daftari na aende na mama au baba anayekaa na mtoto. Wawili wanatosha. Ukoo mzima ukienda, walimu wanajilinda badala ya kusikiliza.

Mambo ya kutofanya ni haya. Usimkamate wala kumchapa mtoto wa mwenzio njiani. Kwa sheria wewe sasa ndiye mtuhumiwa wa kumpiga mtoto. Usimfuate mzazi mwenzio sokoni. Usiende asubuhi wakati wa mstarini, kila mtu akikuona. Nenda baada ya kengele ya kutoka, au omba miadi.

Anza kwa mwalimu wa darasa. Msalimie vizuri, kaa, fungua daftari: "Mwalimu, nimekuja kwa jambo linalonisumbua. Naomba nikusomee matukio matatu, halafu tuangalie tufanye nini." Kisha omba vitu vitatu vinavyopimika:

1. Nani atakayesimamia jambo hili? Jina la mwalimu mmoja. Shule nyingi zina mwalimu wa malezi na unasihi, na zinatakiwa kuwa na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto. Uliza liko chini ya nani.
2. Mtoto atakaa wapi, na chini ya jicho la nani, wakati wa mapumziko na wa kutoka kuanzia kesho?
3. Tarehe ya kukutana tena, ndani ya siku kumi za shule.

Omba pia, waziwazi, wasikutanishwe ana kwa ana. Sema hivi: "Mwalimu, naomba wasiitwe pamoja. Mwanangu hawezi kusema kweli mbele yao."

Baada ya siku tatu za shule kama hakuna lililofanyika, andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kama ni sekondari. Nusu ukurasa: jina na darasa la mtoto, tarehe tatu na kilichotokea, tarehe uliyoonana na mwalimu wa darasa, na yale maombi matatu. Toa nakala mbili. Moja ibaki kwako ikiwa na muhuri au sahihi ya aliyepokea na tarehe. Nakala hiyo yenye muhuri ndiyo itakayokufungulia milango mingine. Ikishindikana hapo, ngazi zinazofuata ni kamati ya shule (msingi) au bodi ya shule (sekondari), afisa elimu kata, kisha afisa elimu wa halmashauri. Afisa ustawi wa jamii unaweza kumwona wakati wowote, huna haja ya kumaliza ngazi za elimu kwanza. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapoona haki za mtoto zinavunjwa, kwa hiyo mwenye mgahawa karibu na shule aliyeshuhudia naye anayo nafasi ya kusema.

Kwa mwalimu: namna ya kuishughulikia kesi bila kuiharibu

Sehemu hii ndiyo inayoamua matokeo, na haihitaji bajeti.

Msikilize aliyeonewa kwanza, peke yake, mahali ambapo wenzake hawamwoni akiingia. Andika. Halafu mashahidi. Ukiwaita wale wawili tu waliotajwa, darasa zima litajua. Waite watoto sita au saba kwa kazi nyingine, kupanga vitabu au kuhesabu viti, na zungumza na kila mmoja kwa dakika chache.

Waonevu waite mmoja mmoja, mfululizo, siku hiyo hiyo, bila kuwapa nafasi ya kukutana katikati. Anza na mfuasi, usianze na kinara. Mfuasi mara nyingi hana raha na anachokifanya na husema ukweli mapema. Usimtaje aliyesema. Usiulize "ni kweli au si kweli?" kwa sababu swali hilo linamwomba akane. Sema: "Tunajua yanayotokea nyuma ya choo wakati wa mapumziko. Tunajua kuna mtoto anaogopa kuja shule. Kuanzia kesho wewe utafanya nini ili hilo liishe?" Subiri jibu. Liandike kwa maneno yake, mpe alisome, na umwambie siku utakayomwita tena. Mwite kweli siku hiyo. Usipomwita, yote yaliyotangulia yamekuwa hotuba.

Hatua za nidhamu ziwe na uhusiano na kosa: kilichochukuliwa kinarudishwa kupitia ofisi, mapumziko yanakuwa chini ya uangalizi kwa wiki mbili, cheo cha kiranja kinavuliwa kama kilitumika kuonea, mzazi wake anaitwa. Makosa mazito yaende kwa kamati au bodi kwa utaratibu.

Na viboko? Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama shuleni yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hayo ndiyo ya kisheria. Kiutendaji, viboko peke yake haviondoi uonevu. Mbabe anajifunza kuchagua mahali pasipoonekana, na anatoka ofisini akiwa na hasira na jina la mtu wa kumlipizia. Kiranja mwenye fimbo ni kosa juu ya kosa: hana mamlaka yoyote ya kuchapa, na shule inayomwachia imeanzisha uonevu wake yenyewe.

Ramani ya X

Zoezi la dakika 15. Chora ramani ya shule ubaoni: madarasa, ofisi, vyoo, uwanja, jiko, kisima au tenki, mikorosho, njia za kutokea. Kila mwanafunzi anainakili kwenye karatasi bila jina na kuweka X mahali ambapo watoto husumbuliwa, na saa pembeni. Karatasi zote zikunjwe sawa na kukusanywa kwenye boksi. Hesabu X jioni na walimu wenzako.

Matokeo huwashangaza walimu, kwa sababu X nyingi huwa mahali na saa ambazo ratiba ya zamu haizigusi: foleni ya uji, vyoo, zile dakika kumi kati ya vipindi mwalimu akiwa hajafika, na kichochoro nyuma ya nyumba za walimu. Mwalimu wa zamu anayekaa kivulini na daftari la mahudhurio hasaidii. Mapumziko ya dakika 30 yanahitaji mizunguko miwili kupitia sehemu zenye X, kila siku kwa saa tofauti kidogo. Rudia ramani baada ya wiki sita. Kama X zimehama, na zamu zihame.

Watazamaji nao wana kazi yao. Watafiti wa Kanada waliorekodi watoto uwanjani kwa kamera waliona kwamba mwanafunzi mwenzao alipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Wafundishe wanafunzi namna tatu za kuingilia zisizohitaji ubabe: kumwita anayeonewa ("njoo, mwalimu anakuita"), kukataa kucheka, na kwenda kusema. Wafundishe pia kwamba kumsemea mwenzako aliye hatarini si umbea. Neno hilo, "mmbea," limewanyamazisha mashahidi wengi kuliko vitisho.

Njiani

Kwa shule za kata na vijiji vyenye vitongoji vilivyotawanyika, mambo mengi hutokea nje ya geti, katikati ya mikorosho, ambako watu wamebaki wachache isipokuwa msimu wa mavuno. Msimu wenyewe, kuanzia mwishoni mwa Septemba, una tatizo lake: watoto wengi wana vijisenti vya kuokota korosho, na wanaopora wanalijua hilo. Msiwape pesa ya zaidi ya siku moja, na isikae kwenye begi.

Panga makundi kwa kitongoji. Watoto watano hadi kumi, wawili wakiwa wakubwa waliokubaliwa na wazazi, mahali na saa ya kukutana inajulikana, na mtu mzima mmoja mwisho wa njia anayehesabu waliofika: mwenye genge, mshona viatu, bibi anayeuza mihogo. Kosa la kawaida ni kumteua mkubwa kwa sababu ana nguvu bila kuuliza wadogo wanamwonaje. Waulize wadogo kwanza.

Bweni na geto

Kidato cha kwanza, yaani "njuka," huonewa zaidi wiki za mwanzo. Wanaamriwa kufua, kuchota maji, kutoa sukari, sabuni na pesa, na kuamshwa usiku. Wakubwa hujitetea kwamba hata wao walipitia. Shule inayotaka kuikomesha ilaze kidato cha kwanza pamoja katika bweni moja au upande mmoja, karibu na chumba cha mlezi. Ukaguzi wa usiku ufanyike mara mbili baada ya taa kuzimwa, kwa saa zisizotabirika. Na iwepo njia ya kupiga simu nyumbani ambayo haipitii kwa kiranja.

Mzazi, andika orodha ya vilivyomo kwenye tranka kwa nakala mbili, weka alama isiyofutika kwenye ndoo, godoro na shuka, na mkubaliane neno la siri la simu. Mtoto akisema, tuseme, "msalimie bibi wa Newala" wakati hana bibi Newala, unajua hawezi kuongea na unapaswa kwenda.

Geto, yaani chumba cha kupanga anachoishi mwanafunzi mbali na nyumbani, lina hatari zaidi kwa sababu hakuna mlezi. Kabla ya kulipa kodi, ujue nani mwingine ana ufunguo, komeo la ndani lipo, choo kiko umbali gani. Mtambulishe mtoto kwa mwenye nyumba na kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji. Wasichana wasikae mmoja mmoja.

Simu

Shuleni simu zimekatazwa, lakini kundi la darasa linaishi WhatsApp jioni. Usijibu, usifute. Piga skrinishoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, kisha uzuie namba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua unyanyasaji wa mtandaoni kama kosa. Picha ya utupu ya mtoto usiitume kwa mtu yeyote, hata mwalimu, hata kama ushahidi. Peleka simu yenyewe polisi.

Mambo ya kwenda nayo polisi siku hiyo hiyo

Jeraha la kichwa, kuvunjika, kuchomwa, silaha, kunyang'anywa kwa kutishiwa silaha, kushikwa sehemu za siri, ubakaji au ulawiti. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni, chukua PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kwa tukio la kingono mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi (plastiki huharibu ushahidi), na afike hospitali ndani ya saa 72 ili apate dawa za kinga ya VVU. Mapema zaidi ni bora zaidi. Ligula mjini Mtwara na Sokoine mjini Lindi ni hospitali za rufaa za mikoa, ila usipitilize hospitali ya wilaya kwa kuzitafuta. Watakuja watu kuomba mmalize kifamilia kwa malipo. Kataa.

Mtoto akisema anatamani kufa, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizi wazo. Usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo fungia dawa za mikorosho, zote, nje ya nyumba anayolala. Mpeleke hospitali.

Ukiambiwa mwanao ndiye mbabe

Usikane papo hapo, na usimpige mbele ya mwalimu kuonyesha kwamba unajali. Omba tarehe na matukio. Nyumbani chunguza vitu na pesa usizozijua, na chunguza pia nani anampiga yeye: kaka, binamu, au wewe. Arudishe alichochukua kupitia shule, asiende mwenyewe kwa mwenzake. Mpunguzie nafasi ya kukaa na kundi hilo baada ya shule kwa mwezi mmoja na mpe kazi yenye kuaminiwa, maana wengi wao wanatafuta ukubwa.

Ufuatiliaji

Kimya si dalili ya kwamba yamekwisha. Muulize mtoto baada ya siku tatu, wiki mbili na wiki sita, kwa maswali ya mahali na saa yale yale ya mwanzo: leo umeingia choo cha shule? Ulikaa na nani kwenye uji? Akijibu bila kusita, endelea kuandika hata siku ambazo hakuna kitu.

Uhamisho uwe wa mwisho, na usiombwe kwa siri. Mtoto anayehamishwa bila mpango hufika shule mpya akiwa na woga ule ule, na wababe wa huko huuona haraka. Ukilazimika, omba shule inayompokea impangie mwenzake wa kukaa naye wiki ya kwanza.

Desemba shule ikifungwa, daftari lisitupwe. Januari madarasa yanachanganywa upya, walimu wa darasa wanabadilika, na kumbukumbu ya mwaka uliopita haihami yenyewe. Wiki ya kwanza ya kufungua, nenda kwa mwalimu mpya na ukurasa mmoja: majina ambayo hayafai kukaa dawati moja na mwanao, sehemu za X, na yale yaliyokubaliwa mwaka jana yakiwa na muhuri.